Chembe Laini, Damu Nzito

Mama mkwe wangu simpendi, naye hanipendi, na mtaa mzima wa Bofu unajua. Tuliishi nyumba moja miezi saba bila kusemezana, mume wangu akiwa kazini mbali. Mimi nilitoka alfajiri kwenda kazini, kwenye maabara ya zahanati moja hapa Likoni. Yeye alibaki na binti yangu wa miaka tisa, na lolote tulilotaka kuambiana tulimtuma huyo mtoto. "Mwambie mamako chumvi imekwisha." "Mwambie nyanya yako aliiona ikiisha tangu jana."

Ugomvi ulianzia kwenye damu. Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na mama mkwe alikuwa akiwatangazia wageni kwamba nimeuleta kutoka kwetu Kaloleni. Siku moja nikamjibu mbele ya wageni hao hao: ugonjwa huu hauji kwa mzazi mmoja, mwanao naye amebeba nusu yake, na nusu hiyo aliitoa humu humu nyumbani mwenu. Akanyanyuka akaingia chumbani. Tangu hapo, kimya.

Damu mimi naiona kila siku. Nikiweka tone bichi chini ya hadubini huwa nalitazama likitembea kabla halijakauka. Chembe nyekundu iliyo nzima ni laini. Ikifika penye njia nyembamba kuliko yenyewe hujikunja, ikapenya, ikarudia umbo lake upande wa pili. Zilizo laini huvutwa katikati ya mkondo, penye mwendo; ngumu husukumwa kandoni zikakwaruza ukuta. Na damu haina uzito mmoja. Penye msongamano ni nzito kama uji, kandoni ni nyepesi, na mwili ukikosa maji huwa nzito kote. Hapo chembe za mwanangu nazo hukauka, huchelewa njiani, na zikichelewa hukakamaa na kupinda kama mundu. Moja ikikwama, za nyuma zinakwama. Ndiyo maumivu yenyewe. Kinga yake ya kwanza ni maji, kikombe baada ya kikombe, kutwa nzima.

Yote haya niliyajua. Ramadhani ilipokaribia nikamwambia mtoto, "Mwambie nyanya yako wewe hufungi." Akaitika, "Abee, mama," akaenda. Sikumfuata kuhakikisha, kwa sababu kuhakikisha kungetaka nifungue mdomo, na mimi nilikuwa na kiburi changu.

Hakumwambia. Wenzake wa chuo cha Kurani walikuwa wanafunga kwa mara ya kwanza, na kwetu mtoto akimaliza siku yake ya kwanza hupikiwa kaimati tamu za kufuturu, zake mwenyewe, na kusifiwa kwa majirani. Alimwambia nyanya yake kwamba mama amekubali. Mtoto hulala chumbani kwa nyanya yake, kwa hiyo daku walikula wawili, mimi nikatoka nikijua mtoto kalala tu.

Niliporudi alasiri nilimkuta kitandani amekumbatia magoti, anatetemeka, midomo imemkauka. Mama mkwe alikuwa kando yake na kikombe cha maji, vidole vimejaa unga wa kaimati. Mtoto alikuwa amebana meno. Magharibi haikuwa mbali, alitaka amalize. Nikapiga simu kuita tuktuk ya kumpeleka hospitali.

Mama mkwe hakunitazama. Akamwambia mtoto, "Muulize mamako kwa nini hakunikataza."

"Mwambie nyanya yako nilimtuma mtu," nikasema.

Wote wawili tukamtazama mtu huyo. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

"Ambianeni wenyewe," akasema. "Mimi naumwa."

Nilimgeukia yule mwanamke. Neno nililomwambia baada ya miezi saba sitaliandika hapa. Naye akanijibu kwa lake, baya kuliko langu. Kisha akanisogezea kikombe, akaniambia mimi, si mtoto, "Mshike kichwa."

Nikamshika. Mtoto akafungua mdomo.