Mwanafunzi wa Kuazimwa

Jumanne asubuhi nilikuwa Mkuza nikimsubiri fundi bomba, ndipo jirani akaniambia kwamba yule bibi, mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, amefariki. Alikuwa amevuka miaka themanini. Tulimzika siku hiyo hiyo kwao Msimbu, baada ya sala ya alasiri.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua sipendi sifa za makaburini. Nitasimulia tu aliyoniambia mwenyewe, barazani kwake, nilipokwenda kumuuliza habari za shule za enzi ya Mwingereza. Wakati huo, alisema, shule za serikali zilikuwa chache. Ya karibu na kwao ilikuwa ya misheni iliyopewa ruzuku na serikali, na mkaguzi akikuta madawati matupu, ruzuku ilikuwa mashakani. Wazee wa Kiislamu hawakupeleka watoto, wakihofia watabatizwa. Basi siku ya ukaguzi mwalimu mkuu alikwenda kwenye chuo cha Kurani, akamwomba shehe amwazime watoto kwa asubuhi moja tu. Shehe alikubali shingo upande. Bibi yetu na rafiki yake wakawa miongoni mwao. Mkaguzi aliuliza hesabu, rafiki akajibu sawasawa, mgeni akaondoka ameridhika, na watoto wakarudishwa walikotoka. Kesho yake bibi alirudi shuleni peke yake.

"Wewe si mwanafunzi wa hapa," mwalimu alimwambia.

"Mbona jana uliniandika?"

Mwalimu akafungua daftari. Jina lilikuwemo, na kulifuta kungekuwa kukiri uongo. Akamwambia akae. Baba mtu alipopata habari alifoka, kisha akaweka sharti: jioni asikose chuoni. Hakukosa hata siku moja.

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. "Aliyejibu hesabu ni mwenzangu, si mimi, mwanangu," alisema. "Kwao kulikuwa mbali, na mama yake mgonjwa. Hakurudi."

Alipohitimu ualimu alikwenda kumtafuta, akamkuta shambani akipalilia mihogo, mama wa watoto watano. Akamwambia amekuja kumfundisha kusoma.

"Umechelewa, shoga," yule akajibu. "Lakini kaa."

Walisoma kila Jumapili, mwaka mzima, mpaka mwenzake akaweza kumwandikia kaka yake barua kwa mkono wake.

Siku hizi, kuanzia Zegereni hadi vijiji vya ndani Kisarawe, shule si haba, na kila Januari tunatangaziwa wangapi wameandikishwa. Ni jambo jema. Lakini serikali ya mkoloni ilipenda kuhesabu, misheni ikapenda, nasi tunapenda vilevile, na daftari lililojaa halijawahi kumfundisha mtu kusoma. Mtoto asiyeonekana darasani ana jina, na ana kwao. Anayejua ni wapi, aende akapige hodi.