Behewa Linalofungwa kwa Nje

Rwanda haina reli. Naanza na hilo kwa sababu kila mgeni anayeingia uani kwetu huuliza swali lilelile, nami nimechoka kulijibu kwa adabu. Behewa lililo nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwendea Goma, Kongo, halikufika Gisenyi kwa reli. Baba alilileta kwa lori.

Alikuwa seremala wa karakana ya reli Tabora, ambako wazazi wangu waliishi ukimbizini na ambako mimi na ndugu zangu watatu tulizaliwa. Siku za kurudi Rwanda, wenzake walibeba magodoro, mabati na baiskeli. Yeye alinunua behewa kuukuu la mizigo, halina hata magurudumu, akalipandisha kwenye trela na kutia vyombo vyetu ndani. Mama alimwambia, "Baba watoto, umenunua sanduku." Baba akajibu kwamba chuma cha zamani hakifi. Kwa hilo hakukosea, maana yeye amekufa na chuma kipo.

Tuliishi humo miaka mitatu, watu sita. Behewa la mizigo halina dirisha. Lina mlango mmoja mpana wa kusukuma, na komeo lake liko nje, kwani gunia la sukari halina haja ya kujifungulia. Mama alimsihi atoboe dirisha na kuweka komeo la ndani. Baba alikataa katakata. Huko karakana ilikuwa marufuku fundi kutoboa behewa, basi na yeye hatoboi. Yaani mtu kaacha kazi, yuko nchi nyingine, hakuna msimamizi hata mmoja wa kumkaripia, na bado anaogopa kutoboa! Wazazi walipokwenda kulima walitusukumia mlango na kutia komeo, tusije tukaenda kuchezea ziwani. Mimi ndiye mdogo wa wote, bucura kama tunavyosema hapa. Giza lile nalijua harufu yake: kutu, mafuta ya taa na mikojo yangu mwenyewe.

Nyumba ya matofali ilipokwisha, behewa likawa ghala. Kina mama wanaovuka kwenda Goma waliweka humo kabichi, vitunguu na kandambili, na wezi walipoanza kulimezea mate, baba alichomelea boksi la chuma kulizunguka kufuli. Mkono wenye ufunguo unaingia, msumeno hauingii. Baadaye walokole wachache waliomba nafasi ya kusali. Waliimba humo mpaka bati likatetemeka, wakahamia kwenye jengo la maana. Tukafuga kuku. Kuku wakafa. Mimi nikafungua saluni, nikasuka wateja mlango ukiwa wazi hata mvua ikinyesha, mpaka nao wakachoka kulowa miguu. Hapo ndipo nilipoanza kubeba karoti na viazi kwenda Goma kama wanawake wengine wa mtaa.

Kazi hiyo niliipenda, nisiwe mnafiki. Mzigo ni mzito, foleni ni ndefu, lakini ukishavuka unacheka na watu, unagombana na wateja, unarudi kabla mpaka haujafungwa saa tisa, na siku imekuwa siku. Zilikuwa saa zangu chache za kuwa mtu asiye binti wa mtu.

Baba alipofariki, akili ya mama ilianza kuhama kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai. Aliniita kwa jina la dada yake. Kisha akaanza kutoka. Mara mbili askari wa mpakani walinirudishia, wamemkuta kwenye foleni ya wachuuzi akiwa na beseni tupu kichwani, anadai anawahi treni. Mara ya tatu alivuka. Tulimtafuta Goma siku mbili, tukampata kando ya barabara miguu ikivuja damu, amekaa kati ya pikipiki kana kwamba yuko sebuleni.

Niliwapigia ndugu zangu. Kaka wa Kigali alisema, "Wewe ndiye bucura, nyumba ni yako, na mama ni wako." Dada anayelima Kanzenze alituma gunia la viazi na pole. Yule mwingine hakupokea simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, bwana. Msichana wa kumwangalia nilimweka, akakaa wiki moja, akakimbia.

Kitu kimoja tu kilimtuliza mama: behewa. Akikaa humo hakutaka kwenda popote, maana kwake alikuwa tayari safarini. Nikahamishia humo kitanda chake, ndoo, chupa ya chai na ndizi. Asubuhi ya kwanza nilisukuma mlango nikaacha upenyo wa kiganja wa kupitisha hewa, nikafunga mnyororo na kufuli ndani ya lile boksi. Nilijiambia ni saa chache tu. Nilijiambia pia kwamba barabara ingemuua. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado nilipita kwa jirani yangu nikitazama chini.

Miezi minne ilipita hivyo. Kisha ikaja siku ambayo mpaka ulifungwa saa saba mchana badala ya saa tisa. Sababu hatukuambiwa. Nilikuwa Goma na beseni tupu, kundi zima la wanawake tumerudishwa nyuma na askari, na ufunguo wa behewa uko kifuani mwangu, ndani ya sidiria. Nilimwomba askari wa kwanza, nikamwomba wa pili. Wa tatu alinicheka.

Simu ikalia. Alikuwa jirani yangu, mwanamke aliyekulia Goma, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Dada, mama iko analia humu ndani. Funguo uliacha wapi?"

"Ninao mimi huku."

"Barrière wamefunga. Bon, mi nitaita mutwarasibo, tutafute mutu wa kukata chuma."

Mutwarasibo ni kiongozi wa nyumba zetu chache, yule anayejua nani anaumwa na nani amepiga mke. Akija yeye, mtaa mzima unakuja. Nami, Mungu anisamehe, nilisema, "Subirini. Watafungua sasa hivi."

Niliona aibu. Hakuna neno jingine. Mama yangu analia kwenye chuma, jua linawaka, na mimi nawaza watu watasema nini. Nilisimama kwenye ule umati saa nzima, halafu saa ya pili. Kila alipopiga simu nilimwambia asubiri. Mwishoni jirani aliacha kuniomba, akaingiza simu yake kwenye ule upenyo.

"Kuna joto," mama alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Mwambieni kondakta atufungulie. Kuna mtoto humu."

"Mama, ni mimi."

"Kuna mtoto humu ndani," alirudia, "amechoka kulia."

Nikamwambia jirani, "Kateni."

Fundi alifika saa kumi na grinda, akakata lile boksi la baba, cheche zikirukia ndani. Mama alitolewa akiwa amejikojolea, akanywa maji vikombe vitatu. Hayo nilisimuliwa. Mimi nililala Goma kwa mama mdogo aliyeolewa huko, nikiwa na viatu miguuni.

Mpaka ulipofunguliwa asubuhi, nilivuka wa kwanza. Nyumbani nilikuta benchi zimepangwa uani: mutwarasibo, mtu wa ofisi mwenye daftari, jirani yangu, na majirani wengine ambao hawakuwa na kazi ya kufanya. Mama alikuwa katikati yao, ameogeshwa, amevaa kitenge cha jirani, ana kikombe cha uji mkononi. Hakuna aliyenisalimia. Sikuwalaumu.

Mtu wa daftari aliinama mbele yake. "Mama, nani alikufungia humo?"

Nilijua nitasema nini. Nilikuwa nimelipanga jibu njia nzima: ni mimi, andikeni, nipelekeni mnakotaka. Kwa kweli nilikuwa natamani wanipeleke. Pengine huko wangenipa nafasi ya kulala.

Mama alinitazama. Kwa wiki kadhaa alikuwa haniiti mwanawe, lakini asubuhi ile alinitazama muda mrefu, kama mama anavyomtazama mtoto aliyevunja sahani.

"Nilijifungia mwenyewe," akasema.

"Mama, kufuli lilikuwa nje."

"Nilipitisha mkono." Akanywa uji. "Huyu hana kosa. Huyu ana kazi."

Mtu mmoja alicheka. Yule wa ofisi alifunga daftari, akaniambia nisirudie, wakabeba benchi zao. Jirani yangu peke yake alibaki. Hakunikaripia. Alifua shuka la mama, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Tangu siku ile sijavuka. Nafasi yangu sokoni imechukuliwa na mwingine. Kutwa nzima nakaa kwenye kizingiti cha behewa, namenya viazi vya dada, na mlango haufungiki tena hata tukitaka. Nilidhani kazi yangu itakuwa kumzuia mama asitoke. Lakini hatoki. Wiki ya kwanza nilishukuru. Wiki ya tatu nilianza kuogopa, kwa sababu hata kuota jua uani hakutaka, akawa anakaa kitandani amekunja mikono, akiutazama ule mwanga.

Alasiri moja nilimshika mkono. "Mama, twende tukatembee. Mlango uko wazi."

Alitazama uani kwanza, kulia na kushoto, kisha akaninong'oneza.

"Siwezi. Nikitoka, watakuuliza nani alinifungia."