Alirudisha Trela Mara Moja

Shemeji yangu tulimwita Taratibu. Miaka ishirini na miwili aliendesha trela, wala hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni cha mtu. Sasa hapandi hata baiskeli.

Ilianza siku pikipiki ilipoingia chini ya matairi yake ya nyuma, mchana kweupe, na mwenye pikipiki akafa palepale. Polisi walisema Taratibu hana kosa. Mwilini hakupata hata mchubuko, na hilo ndilo lililomponza, maana jeraha lisilotoa damu watu huliita kudeka. Honi ikilia nje, kikombe kinamtoka mkononi. Usingizini anakanyaga breki, mpaka dada yangu, mkewe, ana alama miguuni. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kumwambia ajikaze. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Daktari wa akili alimwandikia barua, tukadai fidia. Kampuni ikataka mkaguzi wa bima amwone kwanza. Tulikwenda kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu, kwa sababu ndani ya gari hakai. Njia nzima nilimlaani kimoyomoyo. Viatu vyangu vilikuwa vipya.

Tukakalishwa kwenye benchi uani kwa kampuni, chini ya dirisha la ofisi alimokuwa mkaguzi. Getini, dereva mgeni alikuwa akirudisha trela nyuma na limemshinda. Mbele, nyuma, mbele tena. Walinzi wanacheka. Taratibu akaanza kuhema.

"Anakata kona mapema," akasema.

"Hayakuhusu hayo, shemeji. Kaa."

"Atagonga nguzo."

Nilimshika shati, likanitoka mkononi. Alimwambia yule dereva, "Shuka, ndugu yangu," akapanda yeye. Mara moja tu. Trela lote lile likaingia mahali pake kama droo inavyoingia kabatini. Walinzi wakapiga makofi.

Hakushuka. Nilipofungua mlango nilimkuta kaganda, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, macho kwenye kioo.

"Kuna nani nyuma?" akaniuliza.

"Hakuna mtu."

"Angalia tena."

Nilikwenda nikaangalia, nikarudi, nikambandua vidole kwenye usukani kimoja kimoja. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile. Lakini mlango ule ulikuwa upande wa pili, usioelekea ofisini. Kutoka dirishani kwa mkaguzi lilionekana trela tu.

Mkaguzi alitupokea akitabasamu. "Nimekuona, mzee. Wewe fundi kabisa." Nikamweleza niliyoyakuta kule juu kwenye usukani. Aliitikia kwa kichwa, kalamu yake haikuandika kitu.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Dada aliisoma kwa sauti, jikoni: dai limekataliwa, kwa kuwa mdai ameonekana akirudisha trela nyuma kwa ustadi mkubwa, mara moja, bila msaada. Aripoti kazini Jumatatu.

Dada akakaa chini. Mimi nilitukana, matusi ambayo sitayaandika hapa. Taratibu alikuwa akiitazama ile barua tu.

"Hapo pa ustadi," akasema. "Hebu parudie."

Miaka ishirini na miwili, hakuna mtu wa kampuni ile aliyewahi kumwandikia neno jema. Dada akamsomea tena, neno kwa neno.