Tunda la Yago

Juzi, katika hoteli moja ya Uriri, televisheni ilionyesha ule mchezo wa mwanaanga anayerudi nyumbani baada ya watu wake kukata tamaa. Chai yangu ilipoa nikimtazama akikaribia mlango.

Niliuona kwanza nikiwa mtoto, dukani kwa jirani kule Karungu. Siku zile Baba alikuwa amekwenda kisiwani Remba kununua omena, wale dagaa wa ziwani, mashua aliyopanda na wenzake ikazama, na ziwa halikumrudisha. Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa badala yake tunda la yago, lile refu la mwegea.

Alasiri ya mazishi hewa ilinuka omena zilizoanikwa. Majembe yaligonga mawe. Nilipoona tunda limefungwa kwa shuka ya Baba, niliwaza kwamba akirudi atakuta nafasi yake imechukuliwa. Nikang'ang'ania sketi ya Mama.

"Mama, waambie wangoje. Hata yule wa kwa televisheni walisema amekufa."

Nyanya akanivuta. "Nyamaza, nyathina, mwanangu. Tunamleta baba yako nyumbani."

Sikuelewa. Nililia mpaka sauti ikakauka, nao wakafukia.

Jioni Mama aliniuliza polepole, "Yule mtu wa angani, bibi yake alifanya nini?"

"Alikuwa hafungi mlango."

Mama aliinuka, akaling'oa komeo la mlango wetu, akalitupa nje kwenye nyasi.

Sasa ninajua ziwa halina mazoea ya kurudisha watu. Mama pia anajua. Lakini wiki iliyopita, nilipofika kwake, niliusukuma mlango kwa kidole tu, ukafunguka.