Waliobonyeza "Arudi"

Mama tuliyekuwa tukila kwake hapa Sanyuanli, Uchina, mtu wa Tanga aliyetupikia wali na maharage miaka mingi, alipatwa na kiharusi upande wa kushoto. Hospitali walisema mazoezi ya kila wiki yangeweza kumrudishia mkono. Mwenyewe alitaka kubaki. Nyumbani hakuwa na mtu. Dada yake wa mwisho alishafariki na nyumba ilishakuwa ya watu wengine. Aliniambia hayo kwa mdomo uliopinda, nami nikamwitikia, sawa mama, utabaki.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mkenya wa Mombasa mwenye ofisi ya kargo ghorofa ya chini, akaona jambo hilo liamuliwe na wote. Akatuma kura isiyoonyesha majina kwenye kundi letu la simu: mama arudi nyumbani, au abaki tumuuguze kwa zamu? Kufika alasiri "arudi" ilikuwa mbele kwa mbali. Tulikuwa watu sita pale ofisini, simu zetu zote zimelala mezani zinachaji, hakuna anayegusa kitu. Lakini kila nikitupa jicho kwenye kioo cha simu, "arudi" imeongezeka moja. Nilitamani kujua ni akina nani hao.

"Wengi wameshasema, dada," mwenyekiti akaniambia. "Wewe sasa wataka nini?"

Kwa kugomba mimi sijambo, nikamgombeza. Kabla ya kuja huku kununua jinzi za viwanda vya Xintang nilikuwa mdodosaji Dar, nagonga milango ya watu na karatasi mkononi, nauliza maoni, kwa hiyo kazi hiyo naijua. Nikamwambia hao si wengi, hao ni waliobonyeza tu. Tena sisi huku kila mtu ana laini mbili tatu, ya hapa na ya nyumbani, na zote zimo kundini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza "abaki" mara mbili, na sikuona haya. Akacheka, akasema tiketi anakata kesho jioni.

Asubuhi yake nilikaa jikoni kwa mama, yeye amelala chumba cha pili. Nikaandika kila namba ya kundi kwenye kikaratasi chake, nikavimwaga vyote ndani ya beseni lake la kuoshea mchele, nikavikoroga, nikawa naokota bila kutazama. Niliokota ishirini tu. Mchuzi ukishaukoroga vizuri, kijiko kimoja kinatosha kujua chumvi. Sharti ni moja: uliyemwokota ndiye unayemuuliza, hata kama humpendi, na huruhusiwi kumruka.

Wa kwanza alikuwa kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou, kelele tupu. "Kura gani? Aa, ile. Nilibonyeza ya juu. Kwani mama anaumwa? Abaki bwana."

Ya pili ilipokewa na mwanamke wa Kichina, akasema meiyou, meiyou, hakuna, akakata. Laini ya mwenzetu aliyerudi kwao zamani sasa ilikuwa ya mtu mwingine.

Namba ya tatu niliitambua. Ilikuwa ya mwenzetu aliyefariki. Tulimsomea khitma mwaka uliopita. Nikapiga. Ikapokewa.

"Mimi mkewe," sauti ikasema. "Laini sijaifunga. Meseji zenu zikiingia naona kama bado yuko huko. Mlisema bonyezeni, nikabonyeza 'arudi'."

Nikaandika "mkewe" kwenye kikaratasi, nikaokota kingine. Lakini kufika adhuhuri nilikuwa na furaha, maana karibu wote niliowapata walitaka mama abaki. Wengine walidhani ni yeye aliyeomba kurudishwa.

Kikaratasi cha mwisho nilikipiga bila hata kusoma vizuri. Simu ikalia nyuma ya ukuta. Ilikuwa namba ya mama. Nilishasahau kwamba naye yumo kundini. Aliposema haloo niliisikia sauti yake mara mbili, sikioni na ukutani.

"Mama, ulipiga kura?"

"Nilipiga. Arudi."

Niliingia chumbani na beseni langu. Alikuwa amekaa kitandani, buibui mwilini, begi limefungwa. Alisema jana kutwa alikuwa anatutazama kwenye simu tunavyoongezeka mmoja mmoja, akaona aungane nasi. Nikamweleza yote: laini mbilimbili, yule Mchina, mjane, na hawa ishirini wa beseni, kwamba watu wenyewe wanamtaka. Nilieleza mpaka nikalia. Alinisikiliza vizuri sana.

"Hao uliozungumza nao," akaniuliza, "mbona hakuna hata mmoja aliyenipigia?"

Mwenyekiti aliyakubali majibu yangu siku hiyo hiyo, akaifuta kura. Aliyekataa kubaki ni mama. Tulimsindikiza uwanja wa ndege Ijumaa.