Mji wa Soko Uliochomwa

Juzi, kwenye treni ya kwenda kitongoji cha Spånga, huku Uswidi, mzee mmoja wa Ayalandi alitusimulia kwa Kiswidi habari za mji wao mdogo wa soko. Wanajeshi waliuchoma mji huo wakati bibi yake alipokuwa mtoto, na bibi akajificha chini ya meza ya kuuzia siagi.

Mama wa Kikongo ninayesali naye, aliyeketi kando yangu, aliibana simu kwa mikono miwili.

"Soko lilifunguliwa tena?" alimuuliza mzee.

"Lilifunguliwa. Nusu ya wauzaji hawakurudi."

Mama huyo akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Mama yangu hapokei simu tangu asubuhi. Askari wako sokoni kwetu. Acha nipige tena."

Simu iliita sana, kisha sauti ya kizee ikanong'ona kwenye spika, "Usipige, mwanangu. Watasikia."

Mzee aliniuliza sauti ile imesema nini. Mimi, mkalimani kwa kazi, nilishindwa kutafsiri.