Sahani ya Ngoma Niliyoikalia

Wacha nianze na aibu, tumalizane nayo: nilikalia uhuru wa inchi yangu. Kwa matako, na mi si mwembamba.

Ilikuwa sahani ya porseleni, mudomo wake wa dahabu, katikati bendera ya siku ya uhuru, ile ya wakati wa mwami, mufalme wetu, yenye ngoma. Baba yangu, fundi wa nguo hapa Buyenzi, aliinunua kwa duka la Muhindi kule mutaa wa Asiatique, sababu yeye mwenyewe alishona bendera kama zile. Kisha mwami akaondolewa, ngoma ikafutwa kwa bendera, nyota zikawekwa. Baba akaficha sahani ndani ya gunia ya unga. Alikufa hajailia hata wali.

Vita ilipokuja, mi nikaitoa, nikaiweka kwa kabati, mbele kabisa. Si siasa. Masomo niliachia sixième, darasa la sita, siasa ningeitoa wapi? Nilichoka tu kuona baba anafichwa kwa unga.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mekanisiye wa magari, ndiye alikuwa mukubwa wa ronde yetu, wanaume wa kulinda mutaa usiku. Akaiona. Kwa heshima akaniita yaya, dada mukubwa:

"Yaya, ile ngoma itatuletea mambo. Hawa watasema tuko na wale, wale watasema tuko na hawa. Uivunje, ao tutakuja kuivunja."

Hakuogopa bure. Mitaa mingine ilikuwa imebaki ya kabila moja. Sisi tulikuwa bado tunakaa wote, tunaazimana chumvi. Lakini mi nikamujibu, "Njoo na nyundo, na mi nitakungojea na mwiko!"

Alasiri moja ya Ramadhani akaja kweli, na wenzake wawili. Ule mudomo wangu wa mwiko ukakimbia peke yake, ukaniacha. Nikatupa sahani kwa tabure, nikaikalia, kitenge kikafunika.

"Simama, yaya, tutafute."

"Siwezi. Niko na jipu."

"Wapi?"

"Apa apa penye nakalia."

Badala ya kutoka, wakaanza kunifundisha dawa! Mumoja sabuni na sukari, mwingine kitunguu cha kuchoma, wakabishana. Mi najishikilia hewani, nisiivunje, kama mutu wa choo cha shimo. Magoti yakachoka. Kwaa!

"Limepasuka," mumoja akasema.

"Alhamdulillahi," jirani akajibu, wakatoka kwa heshima.

Kabla ya magaribi barabara nzima ilishakuja kunipa pole. Rafiki yangu, mukristo wa Uvira, muuza samaki, akaniletea majani ya kubandika. Walipotoka nikaangalia sahani. Nzima, lakini ufa umepita katikati ya ngoma. Hapo nikajikasirikia. Baba aliificha kwa unga, mi kwa matako. Nani alimufanyia heshima?

Kesho yake nikapanga sambusa juu yake, nikavuka barabara bila kufunika, bila kuchechemea, mbele ya ronde nzima.

"Futari yako, jirani."

Akaona ngoma inachungulia kati ya sambusa. Kwetu futari haikataliwi, na sahani ya mutu inarudi na kitu. Kuivunja ni kumutukana mwenye kukupikia.

"Yaya, unanifanyia nini?"

"Nakulisha. Ukishiba, uivunje mbele ya bibi yako."

Siku iliyofuata akaileta mwenyewe, imeoshwa, tende na mikate juu, wenzake wanamukodolea macho.

"Mwenye kuuliza," akasema kwa sauti, "ni sahani ya futari."

Ikarudi kwa kabati, mbele kabisa, na ufa wake.

Rafiki yangu wa Uvira nilipomuelezea yote, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanuna. "Kumbe matako yako ilikuwa mazima! Na mi nilipanda mulima mpaka Musaga kukutafutia dawa! Wakirudi kuivunja, uniite, tutasimama wawili. Lakini majani yangu, unirudishie."